Wahadhiri Hawakugoma kwa Uroho



Jumapili moja ya mwezi Oktoba mwaka 2025, baada ya ibada, tulisimama nje ya kanisa hapa Fort Ternan pamoja na wazazi ambao watoto wao walikuwa wamerudi nyumbani kwa sababu ya mgomo wa wahadhiri. Mmoja wa wazee wa kanisa, mtu tunayemheshimu na aliyetusaidia katika mengi, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba wahadhiri ni watu walioshiba wasiojua kushukuru, na kwamba ugomvi wao na serikali ni wa mafahali wawili, na nyasi zinazoumia ni watoto wetu. Wengi waliitikia kwa kichwa. Sisi tulinyamaza. Tulinyamaza kwa adabu, maana mzee hapingwi mlangoni mwa nyumba ya Mungu. Lakini kimya kile kimetukera tangu siku hiyo, na haya tunayoandika ndiyo jibu ambalo hatukulitoa. Mzee wetu atatuwia radhi. Ni yeye aliyetufundisha katika darasa la kipaimara kwamba ukweli usemwe hata ukimchoma mwenye kuusikia.

Mfano wa mafahali haufai. Fahali wawili wakipigana, kila mmoja ana pembe zake. Katika shauri hili upande mmoja unashika ufunguo wa Hazina, unateua mabaraza ya vyuo, una mawakili wanaolipwa kwa kodi yetu, na una polisi. Upande wa pili una chaki.

Tulieleze deni lenyewe, maana wengi wamelisikia nusu nusu redioni. Mhadhiri wa chuo cha umma hajipangii mshahara. Mshahara wake hupangwa katika mkataba wa pamoja unaotiwa sahihi na chama chake, UASU, kwa upande mmoja, na mabaraza ya vyuo kwa upande wa pili, kwa kipindi cha miaka minne, baada ya Tume ya Mishahara na Marupurupu kutoa ushauri wake. Mkataba tunaouzungumzia ni wa mwaka 2017 hadi 2021. Soma tena miaka hiyo, ndugu msomaji. Ili mkataba huo upatikane, iliwabidi wahadhiri wagome kuanzia Machi hadi Mei mwaka 2018. Ulitiwa sahihi mwaka 2019, kipindi chake kikiwa kimekwisha kufika nusu. Na mwaka 2025, miaka minne baada ya kipindi chote kupita, sehemu ya fedha zake ilikuwa haijalipwa. Tarehe 17 Septemba 2025 wakaweka chaki chini. Upande wa waajiri ukasema deni lililosalia ni shilingi milioni 624. Wahadhiri na wafanyakazi wenzao wakasema ni bilioni 7.9. Mgomo ukachukua siku 49. Ulipokwisha tarehe 5 Novemba, serikali ilikubali kulipa bilioni 7.9, nusu mwezi huo wa Novemba na nusu mwezi Julai 2026.

Sisi kazi yetu ni uwakili. Tumekaa na wadaiwa wa kila aina, wa mashamba, wa ng'ombe, wa mahari. Mdaiwa anayeapa kwamba anadaiwa shilingi moja, kisha baada ya siku 49 akatia sahihi kulipa zaidi ya kumi na mbili, hatusemi kwamba ameingiwa na huruma. Twasema kwamba alijua hesabu tangu siku ya kwanza. Kama hivyo ndivyo, basi swali la mzee wetu lina jibu, ila si jibu alilolitoa yeye. Ni nani aliyewakalisha watoto nyumbani siku 49? Ni aliyedai haki yake ya mwaka 2017, au ni aliyekana deni kwa muda wote huo kisha akalikubali?

Wenzetu wa Kericho na Bomet mnaoishi kwa chai, hebu mlitazame jambo hili kwa macho ya shambani. Mchumaji anapanda mlima na kikapu mgongoni, anashuka, majani yanapimwa, karani anaandika kilo. Fikiri karani akimwambia: kilo zako tumeziandika, tumezikubali, na sahihi yetu hii hapa, lakini uje baada ya miaka minane. Na mchumaji akikaa chini kwa hasira, mtu mwenye gari apite na kusema kwamba watu wa chai wana tamaa. Sisi hatumjui mtu katika nchi hii ya chai ambaye angeyakubali maneno hayo kuhusu mchumaji. Kwa nini basi tuyakubali kuhusu mhadhiri? Je, ni kwa sababu anavaa tai? Waraka wa Yakobo, sura ya tano, unazungumzia ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa na matajiri. Tumeusoma na kuusoma tena, wala hatukuona mahali ambapo mtume anawatoa katika ulinzi huo wenye shahada ya uzamifu.

Sasa tusimulie kisa kimoja. Mwenye kisa ametupa ruhusa, kwa sharti kwamba yeye wala chuo chake wasitajwe.

Alikuja ofisini kwetu mhadhiri wa makamo, baba wa watoto wanne, amebeba bahasha mbili. Katika bahasha ya kwanza zilikuwamo karatasi zake za mshahara za miezi kumi na minane. Kila karatasi ilionyesha makato: ya chama cha akiba na mikopo, ya benki, ya pensheni, ya bima. Mkono wake ulikuwa ukipata kiasi kidogo kilichosalia, naye alijifariji kwamba angalau madeni yanapungua. Katika bahasha ya pili ilikuwamo barua kutoka chama cha akiba, ikimwarifu kwamba hakuna senti iliyopokewa kwa muda huo wote, kwamba riba imeongezeka, na kwamba wadhamini wake watakatwa. Mdhamini mmoja alikuwa tarishi wa idara yake, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Mhadhiri huyo hakulia kwa ajili yake mwenyewe. Alilia alipofika kwa tarishi.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika hakina giza lolote. Mwajiri akimkata mfanyakazi fedha za chama cha ushirika, azifikishe katika siku saba. Asipofanya hivyo atadaiwa fedha hizo pamoja na riba inayolimbikizana, isiyopungua asilimia tano kwa mwezi. Tukaandika barua ya madai. Chuo kikajibu kwa lugha ya upole kwamba kinasubiri fedha kutoka Hazina. Tukamwambia mteja wetu kwamba kesi yake ni nzuri na twende mahakamani. Akakataa. Faili yake ya kupandishwa cheo, alisema, ilikuwa mbele ya wakubwa walewale ambao angewashtaki. Akachukua bahasha zake mbili akaondoka, nasi hatukumlaumu.

Mtu akichukua fedha zako ili akufikishie mahali, asizifikishe, jina lake latajwa hata na watoto wa chekechea. Lakini afanyapo hivyo mwajiri wa umma, kwa maelfu ya watu, mwezi baada ya mwezi, huitwa "madeni yanayosubiri kulipwa". Kwa jumla madeni ya namna hiyo katika vyuo vyetu vya umma yamepita shilingi bilioni 60, na ndani yake mna kodi iliyokatwa isiwasilishwe, pensheni iliyokatwa isiwekwe, na michango ya sacco iliyopotelea njiani.

Kuna watakaouliza: haya yanahusu nini mageuzi ya siasa? Si mshahara tu? Wanaouliza hivyo ama ni vijana au wamesahau.

Chama cha wahadhiri kilipigwa marufuku mwaka 1980, katika mwaka wa pili wa utawala wa Rais Moi. Miaka miwili baadaye, wahadhiri wakakamatwa mmoja baada ya mwingine. Willy Mutunga, mwalimu wa sheria na kiongozi wa chama hicho, akawekwa kizuizini bila kesi mwaka 1982. Ndiye yule aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria, akafungwa gerezani. Al-Amin Mazrui, Edward Oyugi, Kamoji Wachira, Katama Mkangi, wote walionja kizuizi. Kabla yao, Ngugi wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka 1977, na alipotoka baada ya mwaka mzima hakurudishiwa kazi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Titus Adungosi, kiongozi wa wanafunzi, alifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 na akafia gerezani mwaka 1988. Katika miaka hiyo yote Rais wa nchi alikuwa pia mkuu wa heshima wa kila chuo kikuu cha umma. Yeye ndiye aliyetunuku shahada, na serikali yake ndiyo iliyotia sahihi hati za kuwekwa watu kizuizini.

Kisha kikafutwa kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991, tukapiga kura ya vyama vingi tarehe 29 Desemba 1992, na wahadhiri wakadhani kwamba uhuru ule ulikuwa wao pia. Wakaomba chama chao kisajiliwe. Serikali ikakataa. Mwezi Novemba 1993 wakagoma, si kwa shilingi, bali kwa haki ya kuwa na chama. Mgomo huo ukaendelea miezi mingi ndani ya mwaka 1994. Viongozi wao, Korwa Adar na Kilemi Mwiria wakiwa mbele, walifukuzwa kazi, na wengine wakatolewa katika nyumba za chuo na familia zao. Chama hakikusajiliwa mpaka mwaka 2003, baada ya KANU kuondoka madarakani, na mwaka huo huo Mwiria akawa waziri msaidizi wa elimu. Rais Kibaki naye akaacha ile desturi ya kuwa mkuu wa vyuo vyote. Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inalinda haki ya kujadiliana kwa pamoja na haki ya kugoma, na kifungu cha 33 kinataja uhuru wa wasomi na wa utafiti kwa jina.

Kwa hiyo mhadhiri wa leo hazuiwi kuwa na chama. Aliyetaka kumnyamazisha zamani alimtumia polisi wa siri usiku. Anayetaka kumnyamazisha sasa hana haja ya kutoka nyumbani. Anachelewesha mshahara tu. Mtu mwenye kodi ya nyumba ya miezi mitatu, mwenye mdhamini anayekatwa kwa ajili yake, hatasimama darasani kuisoma bajeti ya serikali kwa sauti. Mteja wetu wa bahasha mbili hakutishwa na mtu yeyote. Hakuhitaji kutishwa. Hili ndilo tunalotaka wanamageuzi walielewe: tulipigania kinywa kifunguliwe, tukasahau kuuliza ni nani ashikaye mkate.

Turudi kwa mzee wetu, maana ana hoja ya pili, nayo ni ya haki zaidi. Husema, fedha hazipo. Serikali itatoa wapi?

Ni kweli kwamba mfuko umetoboka, lakini tuseme umetobolewa vipi. Mwaka 1987, na tena mwaka 1990, serikali iliingiza mikupuo miwili ya wanafunzi kwa pamoja katika vyuo bila kuongeza walimu wala vitanda. Mwaka 1991 ikaja sera ya kuchangia gharama, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, na mwanafunzi akaanza kununua chakula chake. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya sambamba kwa wenye uwezo wa kulipa, na vyuo vingine vikafuata. Fedha zikamiminika. Majengo yakapanda, matawi yakafunguliwa juu ya maduka na vituo vya mafuta, na kila mkuu wa chuo akajiona tajiri. Hakuna aliyeweka akiba. Kisha mtihani wa kidato cha nne ukasafishwa: mwaka 2015 watahiniwa 165,766 walipata alama ya C+ na zaidi, mwaka 2016 walikuwa 88,929. Serikali ikawapeleka karibu wote katika nafasi za kawaida, ambako karo ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, na yale masomo ya sambamba yakafa kama moto uliomwagiwa maji. Ikaahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila kozi. Ahadi hiyo haikutimizwa, na kiasi kilichotolewa kikawa kinashuka mwaka baada ya mwaka. Vyuo vikakopa kwa wafanyakazi wao wenyewe, bila kuwaomba.

Katikati ya yote hayo vyuo vikawa zawadi za siasa. Mapema mwaka 2013, Rais Kibaki akielekea kuondoka, hati zilitolewa kwa vyuo vingi kwa mkupuo mmoja. Chuo Kikuu cha Kabianga, hapa kwetu Kericho, kilipata hati yake mwezi Machi mwaka huo. Tulifurahi, wala hatuoni haya kusema hivyo. Mtoto wa Fort Ternan aliyekuwa akisafiri mpaka Eldoret au Nairobi sasa alikuwa na chuo karibu na kwao. Mwaka 2017 Bomet nayo ikapata chuo kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Lakini Chuo Kikuu cha Moi, ambacho ndicho kilichomlea Kabianga na Bomet, chenyewe kilifungwa kwa muda usiojulikana mwezi Oktoba 2024 kutokana na mgomo wa walimu wake, kikiwa na madeni ya mabilioni, na hakikufunguliwa mpaka Desemba. Mzazi anapozaa kabla ya kuwa na unga ndani, tunamsikitikia; serikali ifanyapo hivyo kwa ajili ya makofi ya mkutano wa hadhara, tuna haki ya kuiuliza.

Na hapa lazima tujilaumu sisi wenyewe, watu wa Bonde la Ufa. Chuo kilipofika kwetu, tulikipokea kama kisima cha ukoo. Mwaka 2016 viongozi wa kisiasa waliandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi kumpinga kaimu mkuu wa chuo kwa sababu hakuwa wa jamii ya pale. Mambo kama hayo hayakuwa Eldoret peke yake. Kila mkoa wa zamani una chuo ambacho wenyeji wanakiita "chetu" kwa maana mbaya. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, kifungu cha 7, inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ni vyuo vingapi vingepita mtihani huo? Sisi tulikuwa watoto mapigano yaliyoanza katika shamba la Meteitei mwezi Oktoba 1991 yalipoteremka hadi huku, na tuliwaona majirani waliokimbia wakilala katika nyua za makanisa na magodoro yao kichwani. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kucheka anaposikia kwamba mkuu wa chuo ametoka "nje". Tena mkuu aliyewekwa na kabila hulindwa na kabila, na ndiyo maana makato ya mteja wetu yalipopotea hakuna mtu aliyefukuzwa kazi.

Serikali ya sasa ilikuja na dawa yake mwezi Mei 2023: mfumo mpya wa ufadhili. Badala ya kukilipa chuo, inampima mwanafunzi. Kila familia huwekwa katika daraja. Kwa mpango wa mwaka 2024 madaraja yalikuwa matano. Daraja la kwanza hupata ruzuku ya asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, mzazi akamalizia 5. Daraja la tano hupata ruzuku ya 30, mkopo wa 30, na mzazi hubeba 40. Kwa maneno ya karatasi mpango huu una haki ndani yake: mwenye nacho alipe zaidi. Lakini nani anapima, na kwa mizani gani? Tumekutana na mjane wa upande wa Chilchila, mwenye kahawa kidogo na ng'ombe wawili, ambaye binti yake aliwekwa daraja moja na watoto wa watu wenye mishahara minono. Alijaza fomu katika duka la kompyuta kwa msaada wa kijana asiyemjua. Swali moja likajibiwa vibaya, na mwenye duka hana makosa. Alikata rufaa. Akasubiri. Mzazi wa chai naye anatakiwa kuahidi leo fedha ambazo zitategemea bonasi, na ninyi mnajua bonasi ya mwaka 2025 ilivyokuwa katika viwanda vya upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa, ikilinganishwa na ya viwanda vya Mlima Kenya.

Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliuona mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, isiyo ya serikali, pamoja na wenzao: unabagua, na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo wakati rufaa ikingoja kusikizwa. Sisi hatutaki kuwafanyia kazi majaji wa rufaa. Tunalosema ni kwamba mfumo huu umegeuza mzazi na mhadhiri kuwa maadui. Fedha za chuo sasa hutokana kwa sehemu kubwa na karo ya mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa hiyo mshahara wa mhadhiri ukichelewa ataambiwa kwamba wazazi hawajalipa, na mzazi akilia juu ya karo ataambiwa kwamba wahadhiri wanataka nyongeza. Aliye katikati, mwenye ufunguo, anakaa akiwatazama wote wawili. Mzee wetu, huyo ndiye fahali unayemtafuta.

Hatutasema kwamba wahadhiri ni malaika. Wamo wanaopoteza alama za wanafunzi na kumwacha kijana akirandaranda mwaka mzima bila kuhitimu. Wamo wanaodai miili ya binti zetu kwa ajili ya alama, na hao hawastahili mgomo wala mshahara, wanastahili jela. Wamo waliokaa kimya wakati wenzao wa muda, wale wanaofundisha kwa saa bila ajira ya kudumu, walipokaa miaka bila kulipwa. Mgomo wa wenye kazi haukuwataja sana wasio nayo. Chama cha wahadhiri kikitaka kanisa lisimame nacho, kianze kwa kufagia uwanja wake. Tumewaambia hivi wenyewe tulipokaa nao, na baadhi yao walikasirika.

Lakini mtu huuliza: wahadhiri hawa na utafiti wao, wametufaa nini sisi wa vijijini? Jibu liko hapa hapa chini ya miguu yetu. Mwaka 1961 mwenye shamba mmoja wa Fort Ternan, Fred Wicker, alionyesha visukuku vilivyokuwa katika ardhi yake, na Louis Leakey akachimbua mabaki ya kiumbe kilichopewa jina la Kenyapithecus wickeri, cha umri wa miaka ipatayo milioni 14. Wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani hulitaja jina la kijiji chetu katika mitihani yao. Vijana wetu hupita pale na mbuzi. Ni chuo gani cha Kenya leo chenye fedha za kumleta mhadhiri na wanafunzi wake hapa kwa mwezi mmoja tu, wachimbe, wapime, waandike kwa majina yao wenyewe? Na udongo huu huu, na maradhi ya kahawa yetu, na bei ya chai isiyoeleweka, nani atatuchunguzia ikiwa mtu aliyesomea kazi hiyo amejibanza nyumbani akimkwepa mwenye nyumba?

Basi tumekubaliana na wenzetu wachache kufanya jambo moja, nalo si maandamano. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Tumeandaa ombi lenye mambo matatu. La kwanza, kila chuo cha umma kichapishe, mwezi kwa mwezi, makato yote kiliyokata kwa wafanyakazi na tarehe kilipoyafikisha yanakotakiwa, na afisa aliyeidhinisha makato yasiyofika ajibu yeye mwenyewe. La pili, fedha za mkataba uliokwisha kutiwa sahihi ziandikwe katika bajeti ya mwaka huo huo, kama zinavyoandikwa riba za mikopo ya nje, ambazo hatujasikia Hazina ikizisahau. La tatu, rufaa ya mzazi kuhusu daraja la mtoto wake isikizwe katika kaunti yake, na watu anaoweza kuwaona uso kwa uso, kabla ya siku ya kuripoti chuoni.

Karatasi za sahihi zitakuwa katika ofisi yetu, kando ya barabara ya kuteremkia stesheni, kila siku ya kazi, na Jumapili nje ya makanisa yatakayoturuhusu. Njooni na nambari zenu za vitambulisho. Wazazi wenye barua za madaraja walete nakala. Wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo walio wenyeji wa huku, mkiwa na karatasi za mshahara zenye makato yasiyofika, zileteni pia. Majina tutayaficha kwa karatasi nyeusi kabla ya kuzinakili. Tutaanza na nyua za makanisa ya Fort Ternan na Kipkelion, kisha Londiani. Mzee wetu tutampelekea karatasi yake nyumbani, aisome kwanza bila haraka.